Namba Moja, Milango Tisa

Baba yangu alikuwa tarishi wa posta huko Valparaíso,
mji wenye ngazi nyingi kuliko barabara.
Begi begani, mbwa wa watu nyuma yake,
alifika kila asubuhi kwenye nyumba ya bati la manjano:
namba mia mbili kumi na nne,
mlango mmoja, ndani familia tisa.
Barua zote alizitia sanduku moja,
akamwachia Bi Nélida wa chini, mwenye miwani iliyovunjika mkono,
kazi ya kukisia ipi ni ya nani.
Barua ya Baudilio ya kuitwa kazini
ililala wiki tatu chini ya chungu cha maua.
“Barua ilifika,” baba alisema.
“Mtu ndiye hakufikiwa.”

Mimi sipandi ngazi.
Nakaa chumba cha seva cha shirika la maji,
kwenye baridi ya kukausha midomo,
na nyumba ya manjano nimeirithi:
mita elfu sitini na mbili
nyuma ya anwani nne. Za kukodi.

Waliobuni anwani za kale walihesabu bilioni nne na ushei,
wakaona wamepika sufuria ya sherehe.
Wangejuaje kwamba kila mgeni angekuja
na simu, na saa, na friji, na taa ya barazani,
na kila kimoja kingedai sahani yake?
Sufuria imekwanguliwa.
Sasa tunauziana ukoko.

Mwaka jana tulikodi anwani moja
yenye madhambi ya mpangaji aliyetangulia.
Bili zetu zikafukuzwa kila mlango wa barua pepe,
kama mtoto anayelipishwa wizi wa babake.

Kisha Agosti, usiku wa Jumanne.
Bomba lilipasuka Playa Ancha, na mita ikalia.
Ikalia kwa jina la wenzake elfu kumi na tano.
Jedwali la ruta lilikuwa limejaa,
likafuta mstari mmoja. Mstari huohuo.
Tulifunga maji mtaa usiohusika,
tukafunga na wa pili,
na toka saa nane hadi kunapambazuka
vitanda vilielea kwa akina Huenchumán.
Wahenga walituonya juu ya ufa.
Sisi ukuta tuliujenga kwanza,
tukajifungia nje.

Don Evaristo wa bodi anasema: “Mbona inafanya kazi?”
Inafanya, Don Evaristo.
Hata ile nyumba ya manjano bado imesimama.

Anwani mpya ni ndefu, sikatai:
tarakimu, herufi, nukta pacha
zikikutazama kama macho ya paka gizani.
Anasema hataweza kuikariri.
Namba ya simu ya mkewe je, anaikumbuka?

Sitawaahidi kasi.
Sitasema ni salama kwa kuwa ni mpya;
kila mlango utataka komeo lake,
na Ximena na Abelardo watataka mafunzo,
na miaka kadhaa ya kale na mpya kulala chumba kimoja.
Nasema tu: kubanana nako kuna kodi,
tunailipa kila mwezi,
na risiti hatupewi.

Bodi imeahirisha hadi Machi.

Nimepewa jaribio dogo, nyumba moja.
Nilichagua niliyoichagua.
Jumapili nikamwonyesha baba kwenye skrini
mita tisa, anwani tisa.
Alizisoma kwa kidole, polepole,
kama anayepanga barua kabla ya kutoka.
“Huyu?”
“Bi Nélida.”
“Na huyu?”
“Wapangaji wapya.”
Akanyamaza. Akarudi juu, akaanza tena.
“Na Baudilio,” akauliza, “yuko ipi?”
Nikamwambia Baudilio alihama zamani,
wala hakuacha anwani.